Mgonjwa na Haki ya Kutembea

Yako maswali ambayo mtu mwenye afya hapati kuulizwa maishani mwake, naye hata hajui kwamba ni maswali. Mojawapo ni hili: je, mtu aliyepatwa na maradhi mazito ana haki ya kusafiri kwa ajili ya kujifurahisha tu? Naomba msomaji auangalie vizuri mwisho wa swali hilo. Sisemi kusafiri kwenda kutibiwa, kwani hilo hakuna alipingaye. Wala sisemi kusafiri kwenda kuzika, kuhiji au kuoza mtoto. Hayo ni mambo ya wajibu, na kwetu wajibu huheshimiwa hata ukitimizwa na mtu anayekokota miguu. Nasema kutembea: kupanda chombo, kwenda mahali, kutazama, kula, kulala na kurudi.

Naliandika swali hili kwa kuwa limenipata mwenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka 33 nilifundisha jiografia katika shule za sekondari, nyingi zikiwa za mkoa wa Tanga. Mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya kustaafu, niligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Nikapasuliwa, nikatundikiwa dawa za tibakemikali, kisha nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo la kale la pale lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 liwe hospitali, nalo limeelekea bahari. Nilikaa kwenye foleni ile kwa majuma kadhaa pamoja na wenzangu waliotoka Kigoma, Singida na Rukwa. Mama mmoja wa makamo aliniambia kwamba hakupata kuiona bahari mpaka saratani ilipomleta. Kila alipomaliza zamu yake ya mionzi alitoka nje akaitazama, na hakuna aliyemlaumu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Furaha iliyokuja imejificha ndani ya matibabu ilikubalika. Lau angefunga safari kutoka kwao kuja kuitazama bahari tu, wangesema maradhi yamempanda kichwani.

Gharama za vipimo, za kukaa mjini na za baadhi ya dawa zilinizidi kimo. Ndugu wakachanga. Wanafunzi wangu wa zamani wakachanga, wengine wakituma shilingi elfu mbili kwa simu bila hata kutaja jina. Majirani nao wakachanga. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami nilikiona kisa cha methali hiyo kwa macho yangu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, nikiwa namaliza mwaka wa pili wa vidonge vya kila siku, niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nataka kwenda Ujerumani. Binti yangu anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Köln, na mji huo umekaa kando ya mto Rhine. Mto huo nimeufundisha miaka yote hiyo: jinsi unavyoteremka kutoka milima ya Alps huko Uswisi, ukaenda kiasi cha kilometa 1,230 hadi bahari ya Kaskazini, na jinsi viwanda vya eneo la Ruhr vilivyokua kwa makaa ya mawe na kwa usafiri wa mto huo. Nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochora mto Pangani. Sikuwa nimeuona. Basi nilitaka kuuona, na sikuwa na sababu nyingine ya kuieleza hadhara.

Katika kikao cha ukoo shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alisema kwa upole kabisa: "Shemeji, sikukatazi. Lakini watu watauliza. Tulichangishwa tukijua unaumwa. Sasa kama una nguvu za kupanda ndege kwenda kutazama mto, tuwajibu nini?"

Sikukasirika. Shemeji alikuwa amesema wazi yale ambayo wengine wangeyasemea jikoni. Tena hoja yake si ya kipuuzi, na kuidharau ni kuwadharau wale waliotoa elfu mbili zao. Kwa hiyo tuipime.

Mkopo na mchango ni vitu viwili mbalimbali. Anayekopesha ana haki juu yako mpaka umlipe. Anayechanga huwa ametoa kwa kusudi, na haki yake imo ndani ya kusudi hilo. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya dawa ikinunua tiketi ya ndege, huo ni wizi, hata kama mwizi ni mgonjwa na hata kama anakufa kesho. Hapo shemeji anayo haki ya kuuliza, nami nina wajibu wa kujibu kwa hesabu. Nilijibu. Mchango ulikwisha katika matibabu, na safari ilikuwa itoke katika kiinua mgongo changu. Lakini hesabu ikishanyooka, swali linalobaki ni jingine kabisa: je, waliochanga ili niishi wamenunua na namna ya kuishi kwangu? Je, natakiwa niishi kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, ili nifanane na picha waliyoichangia? Naona la. Aliyechanga ili jirani yake asife njaa hawezi kumlaumu siku akimkuta anacheka baada ya kula. Kucheka ni dalili kwamba chakula kimefika. Mtu hachangiwi awe mgonjwa hodari. Huchangiwa arudi kwa watu, na watu hutembea.

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe kilikuwepo kikao cha pili, nacho hakikuwa cha ukoo. Mtanzania anayekwenda Ujerumani huhitaji viza ya Schengen, na kanuni za viza hiyo za mwaka 2009 zinamtaka mwombaji awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ya kulipia matibabu ya dharura na gharama za kumrudisha kwao kwa maradhi au kifo. Nikaenda kutafuta bima. Huko ndiko nilikojifunza kwamba bima ni mchango pia. Tofauti yake ni kuwa wanaochanga hawajuani. Watu elfu wanatia fedha katika chungu kimoja, na yule mmoja atakayeanguka safarini ndiye atakayekula.

Chungu hicho hujazwa kwa hesabu. Mwaka 1693 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alichapisha jedwali la vifo la mji wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław huko Poland, akaonyesha jinsi ya kukadiria uwezekano wa mtu wa umri fulani kufa au kuishi. Bima za leo ni wajukuu wa hesabu za namna hiyo. Ni hesabu nzuri, ila ina tabia moja ambayo lazima tuijue: inawajua watu elfu, haimjui mtu mmoja. Inaweza kusema ni wangapi kati yetu watakaolazwa. Haiwezi kusema kama ni mimi.

Wakala wa kwanza niliyemwendea alikuwa kijana mchangamfu. Aliponisomea fomu na kufika kwenye swali la maradhi makubwa niliyowahi kuugua, nikamtajia. Akaiweka kalamu chini, akaniambia kwa sauti ya siri: "Mama, andika tu hapana. Ubalozi wanataka cheti, hawataki historia yako. Nani atajua?"

Alisema kwa huruma, nami sitamtaja wala sitaitaja kampuni yake. Lakini ushauri wake ulinifikirisha kwa siku nyingi, maana una sura ya busara. Ni kweli kwamba ubalozi ulitaka cheti. Ni kweli pia kwamba bima nyingi za bei nafuu hazibebi kabisa ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari, kwa hiyo hata ningeandika ndiyo nisingelipwa kitu kwa saratani. Basi uwongo ule ungemdhuru nani?

Niliona unadhuru mara tatu. Kwanza ungenidhuru mimi. Bima inayopatikana kwa jibu la uwongo huweza kubatilishwa, na anayetafuta sababu ya kutolipa huanza na jalada la hospitali. Ningevunjika mguu kwenye ngazi za treni, jambo lisilo na uhusiano wowote na titi langu, na huenda ningejikuta nabishana kuhusu titi. Pili ungewadhuru wale wenzangu wa chunguni nisiowajua, walioandika ndiyo zao kwa uaminifu wakalipa zaidi. Anayedanganya hapo anakula mchango wa watu waliosema kweli, na mimi niliyeishi kwa michango nisingeweza kufanya hivyo nikaendelea kumtazama shemeji usoni. Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, neno lile "hapana" lingeifuta miaka yangu mitatu. Mficha maradhi kifo humfichua, wasemavyo wahenga. Lakini hata kabla ya kifo, mficha maradhi hujificha mwenyewe. Nywele zilizonitoka zilinitoka. Kovu ninalo. Sioni kwa nini nipande ndege nikiwa mtu mwingine.

Hapo msomaji atauliza: ni haki kweli kwamba mtu aliyeteseka ndiye alipe zaidi? Yule aliyejaliwa afya analipa kidogo, na yule aliyekwisha kulipa kwa mwili anaongezewa na ada. Swali hili halina jibu jepesi. Wanaotetea ongezeko husema kwamba chungu kikitozwa bei moja huku hatari hazilingani, wenye afya watajitoa na chungu kitabaki na wagonjwa watupu, kisha kitapasuka. Hoja hiyo ni ya kweli pale ambapo kuingia ni hiari. Pale ambapo wote wanalazimika kuingia, mambo hubadilika. Zanzibar ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kuwataka wageni kutoka nje wakate bima ya lazima, ada ilikuwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, na bei hiyo haikupanda kwa mwenye historia ya saratani. Kwa hiyo kumtoza mgonjwa zaidi si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa watu juu ya nani awe na nani katika chungu kimoja, na uamuzi wa watu huweza kujadiliwa.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la zamani. Wanasheria wa bima hupenda kutukumbusha wajibu wa nia njema iliyo kamili, yaani mwenye kukata bima aseme kila analolijua. Kanuni hiyo ilipata nguvu katika kesi ya Carter na Boehm iliyoamuliwa London mwaka 1766 na jaji Lord Mansfield. Gavana Carter alikuwa ameikatia bima ngome ya Marlborough katika kisiwa cha Sumatra isije ikatekwa na adui wa kigeni. Wafaransa wakaiteka, na Boehm aliyeibeba bima akakataa kulipa, akidai kwamba udhaifu wa ngome ulifichwa. Watu wengi hukumbuka kwamba jaji alisisitiza nia njema, wakasahau mwisho wa kesi. Aliyeshinda ni Carter. Jaji aliona kwamba nia njema ni ya pande zote mbili, na kwamba mwenye bima hawezi kunyamaza bila kuuliza mambo ambayo angeweza kuyajua, akachukua ada, kisha siku ya kulipa akasema nimedanganywa. Uingereza yenyewe ilikuja kuiweka fikra ya namna hii katika sheria ya mwaka 2012 kwa wateja wa kawaida: kazi ya mwenye bima ni kuuliza waziwazi, na kazi ya mteja ni kujibu kwa uangalifu bila kupotosha.

Mimi naichukua kanuni hiyo kuwa jibu la nusu ya swali langu. Nina wajibu wa kusema kweli. Lakini anayeniuliza ana wajibu wa kuuliza hadi anifikie mimi, asiishie kwenye jina la ugonjwa. Wakala wa pili alisikia neno saratani akafunga jalada. Hakuuliza ni ya wapi, ya lini, wala kama imesambaa. Huyo hakukataa hatari, maana hakuipima. Alikataa neno. Wa tatu aliniuliza maswali mengi kiasi cha kunichosha: tiba ilikwisha lini, natumia dawa gani, nangoja majibu ya kipimo chochote, daktari wangu ameridhia nisafiri. Akataka barua ya daktari. Mwisho akakubali kubeba dharura ya ghafla itokanayo na maradhi yale hadi kikomo kidogo, kwa ada iliyokuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Nililipa. Ada iliniuma, lakini sikujiona nimetukanwa, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa kama mtu.

Hata hivyo, swali zuri nalo lazima liwe na mwisho. Mtu akiulizwa habari ya ugonjwa wake miaka ishirini baada ya kupona, swali hilo limekuwa chapa ya moto. Wafaransa wameliona hili katika bima za mikopo. Tangu mwaka 2016 walitambua kisheria haki ya kusahauliwa, na sheria ya mwaka 2022 ikaupunguza muda kuwa miaka mitano: mtu aliyemaliza matibabu ya saratani bila ugonjwa kurudi kwa muda huo halazimiki tena kuutaja anapokopa. Sheria hiyo haigusi bima ya safari, lakini fikra yake ni njema popote. Ukweli una wakati wake wa kudaiwa, na una wakati wa kuachwa upumzike.

Huenda msomaji ni mgonjwa, au anamuuguza mtu, naye anawaza safari. Basi nimwambie machache niliyoyaona yana faida. Mwulize daktari wako kabla hujamwuliza wakala, na usafiri baada ya majibu ya vipimo kutoka, maana kampuni nyingi hukataa anayengoja majibu na karibu zote hukataa anayesafiri kinyume cha ushauri wa daktari. Dawa zako ziwe katika mkoba wa mkononi, na barua itaje majina yake ya kitaalamu, siyo ya kibiashara tu. Mwenye kutumia tamoksifeni kama mimi ajue kwamba dawa hiyo huongeza hatari ya damu kuganda, na kukaa kitini kwa saa nyingi huongeza vilevile. Kwa hiyo aulize daktari, anywe maji, ainuke atembee ndani ya ndege. Aliye katikati ya tibakemikali asipige chanjo ya homa ya manjano kwa kufuata mkumbo, kwani ni chanjo ya vijidudu hai, nayo haimfai mwenye kinga iliyodhoofu. Zaidi ya yote, soma katika mkataba yale yasiyobebwa, kisha uwaambie watoto wako. Mimi niliwaambia wangu kikomo cha bima ni kiasi gani, fedha ya kuziba pengo imewekwa wapi, na kama likitokea la kutokea wafanye nini. Hayo si maneno ya uchuro. Ni nia njema kwa watu wa nyumbani, ambao ndio bima ya kwanza na ya mwisho.

Nilikwenda, nikakaa siku 24, nikarudi. Mto Rhine ni mpana, una rangi ya matope ya kijani, na matishari marefu yanaupanda polepole kama ng'ombe wanaovuta jembe. Nilikaa kwenye benchi nikayahesabu. Mkono wa upande niliopasuliwa ulivimba kidogo, kisha ukatulia. Siku mbili tatu sikuikumbuka saratani mpaka saa ya kumeza kidonge. Hiyo ndiyo faida yote, na sikuijua thamani yake mpaka nilipoipata.

Sisemi kila mgonjwa apande ndege. Wengi hawana kiinua mgongo, na wengi hawana nguvu. Mtu wa Tanga anaweza kwenda Pangani asubuhi akarudi jioni, naye akawa ametembea. Haki ninayoitetea si ya tiketi wala ya nchi za mbali. Ni haki ya kuwa na siku ambazo si mali ya ugonjwa, na ya kuzipata bila kudanganya na bila kuomba radhi.

Kwa hiyo nawageukia wenye afya, ambao ndio wengi, na ambao leo au kesho watakaa katika vikao vya aina mbili nilivyovitaja. Mgonjwa akikuambia anataka kutembea, usianze kumpima kama anastahili. Muulize yale unayomuuliza kila msafiri: unaondoka lini, umeweka akiba ya kutosha, na nani atakusindikiza?